Neno la Siri la Akina Mama wa Mofu

Asubuhi ya kwanza ya kustaafu kwangu niliamshwa na mwizi. Hakuvunja dirisha. Alituma ujumbe kwenye simu: "Mpendwa mteja, akaunti yako itafungwa leo. Thibitisha kwa kutuma namba ya akaunti na namba yako ya siri." Nilicheka mpaka mume wangu akatoka bafuni na povu la sabuni masikioni kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Njoo usome, kijana wa kompyuta amerudi." Naye akaangua kicheko, maana habari ya kijana wa kompyuta imesimuliwa nyumbani kwetu mpaka nadhani hata mbwa anaijua.

Ninyi vijana wa kaunta hamuijui yote. Kila mara mlipotaka niwasimulie, foleni ilikuwa imeshafika mlangoni. Sasa foleni ni yenu, mimi nina kiti, kikombe cha chai na muda. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vyangu havikuwa vya kusisimua, na mishahara ya wakati ule itawaliza bure.

Nilianza kazi tawi la Ifakara mwanzoni mwa miaka ya tisini, binti mwembamba kutoka Mahenge, sketi nimeipiga pasi ya mkaa mpaka inataka kusimama yenyewe. Nilidhani nitapewa droo ya fedha siku hiyo hiyo. Mzee Benedikto, karani mkuu wa sahihi, aliyekuwa amepangiwa kunifundisha, alinitazama juu ya miwani akasema, "Karibu, Odilia. Nenda kapange foleni."

"Foleni ipi, mzee?"

"Ile ya wateja. Ukifika dirishani, rudi nyuma uanze tena. Chakula cha mchana utanieleza umeona nini."

Nilikasirika, jamani! Nimesoma biashara, nimefaulu, nasimama na watu wenye magunia. Lakini nilisimama. Nikajua nani anamshikia nani nafasi, nani kauza mpunga, nani binti yake kajifungua, nani amekuja kuangalia tu kama fedha zake bado zipo. Mchana nilimweleza yote Mzee Benedikto. Akatikisa kichwa kwa furaha. "Umeona sasa? Mimi nina kabati la chuma na kufuli. Lakini mlinzi wa benki hii ni foleni. Watu wanajuana." Kesho yake akanipa droo.

Vifaa vyetu mngevicheka. Sponji ya kulowanishia vidole, kidau cha wino kwa wasiojua kuandika, mihuri, pini, na feni iliyokuwa ikipeperusha noti kuliko kupoza watu. Mteja alikuwa na kitabu cha akiba, sisi tulikuwa na kadi yake yenye picha na sahihi au alama ya dole gumba. Simu ilikuwa moja, kwa meneja, na ikilia wote tulinyamaza kana kwamba kuna msiba. Siku moja sauti nzito ilisema inatoka makao makuu, inataka isomewe namba za akaunti za wateja wakubwa, upesi, kuna ukaguzi. Meneja hayupo, simu anayo Mzee Benedikto. Akajibu kwa adabu zote, "Sawa, mkubwa. Kata simu, nami nitakupigia kwa namba ya makao makuu niliyonayo hapa." Mkubwa alikata. Mzee Benedikto alipopiga, makao makuu hawakuwa na ukaguzi wowote wala mwenye sauti ile. Wanangu, dawa hiyo haijaisha nguvu. Akikupigia yeye, usimpe kitu. Kata, mpigie wewe kwa namba unayoijua.

Sasa nije kwenye mvua. Masika yakikolea, mteja wa mbali hawezi kufika mjini, na shida haingoji barabara ikauke. Kwa hiyo tawi letu lilikuwa na utaratibu wake. Mteja aliruhusiwa kumtuma mtu na kitabu cha akiba pamoja na fomu yenye dole gumba lake, ila huyo aliyetumwa lazima aseme neno ambalo mteja alituachia siku alipofungua akaunti. Mzee Benedikto aliliita neno la pembeni. Sasa hivi mnaliita nenosiri na mnadhani mmelivumbua ninyi.

Kazi ya kuchukua maneno ya akina mama wa Mofu, kijiji cha mbali bondeni, niliifanya mimi. Walikuja siku moja, kikundi kizima, juu ya lori la mpunga, wakiongozwa na Mama Fides. Huyo mama alilima mpunga, akauza samaki wakavu, na kama angepata nafasi angewauzia mamba meno yao wenyewe. Kikundi kile kilikuwa kinaweka akiba ya kununua mashine ya kukoboa. Kijiji chao kizima kilikuwa kinatwanga kwa kinu, na Mama Fides alikuwa na bega lililougua hata kujifunga kitenge alisaidiwa na binti yake, huyo Fides. Mashine alikuwa ameshaichagua kwenye duka moja pale mjini. Kila akija benki alipita kuiona, akaipangusa vumbi kwa upande wa kanga, akaiaga.

Nikamwita wa kwanza pembeni. "Mama, niambie neno usilolisahau."

"Kambale."

Wa pili, "Kambale." Wa tatu naye akaniinamia, akanong'ona kwa siri kubwa, "Kambale."

"Mama Fides!" nikasema. "Hii imekuwaje?"

"Imekuwa vizuri," akajibu. "Tulikaa kikao. Tukasema kila mtu akiwa na lake, mtu akisahau atamuuliza nani? Mwaka huu bwana mmoja alitoa kambale mkubwa mtoni, hakuna wa kumsahau. Basi tukapitisha."

"Lakini ni neno la siri!"

"Ndiyo. Ni siri yetu."

Nilimtazama Mzee Benedikto anisaidie. Alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanacheka. Akasema tuandike kambale kwa wote, watakapokuja tena tutawabembeleza wabadilishe. Wakaja tena na tena, tukawabembeleza, wakasema hoja itapelekwa kikaoni. Mnawajua akina mama wa Mofu? Basi.

Katikati ya miaka ile ya tisini tulianza kuwatangazia wateja kwamba benki italetewa kompyuta. Hatukujua lini, hatukujua inafananaje, ila tulitangaza kwa kiburi. Na mtu mmoja, ambaye hakuwa mtu wetu hata kidogo, alilisikia tangazo lile akaona fursa.

Alifika Mofu asubuhi, kijana mtanashati, koti na tai kwenye matope yale. Akasema ametumwa na benki kuhakiki wateja kabla ya kompyuta kuanza, na asiyehakikiwa akaunti yake itafungwa. Mnaona? Hata maneno hayajabadilika. Chini ya mti wa ofisi ya kijiji akaweka meza, akatoa mkobani kibodi. Kibodi tu, mkia wake wa waya unaning'inia, haukuchomekwa popote. Akasema habari zinakwenda Dar kwa njia ya hewa. Akina mama wakapanga mstari. Jina? Tak, tak, tak. Kitabu cha akiba? Weka hapa, kitarudi wiki ijayo. Dole gumba kwenye fomu. Na neno la siri?

"Kambale!" walisema wote, wengine kwa pamoja.

Mama Fides alinisimulia mwenyewe, na kila akifika hapo alijipiga paja. Kijana akabofya kambale hata vidole vikachoka. Mama Fides akatoa kitabu chake cha kikundi, kile chenye fedha ya mashine, akakiweka juu ya vingine. Alikuwa na furaha kwamba jina lake linaruka kwenda Dar.

Halafu mvua ikanyesha, ile ya bondeni kwetu isiyopiga hodi. Kijana akaruka, akakusanya vile vitabu na fomu, akavisokomeza ndani ya koti, akakimbilia barazani. Kibodi ikabaki mezani inapigwa na mvua.

Wengine walikuwa wanakimbia. Mama Fides alisimama pale pale analowa, anaitazama meza. "Dada Odi," aliniambia baadaye, "mimi mvua ikija nianuacho kwanza ni mpunga, kisha kuku, kisha baba Fides. Kila mtu huanua kilicho mali yake. Huyu mwenye kompyuta ameanua vitabu vyetu, kompyuta ameiacha! Nikajua palepale, hapa tumeliwa."

Aliingia barazani kudai kitabu chake. Kijana alikuwa ameshapanda lori lililokuwa linaondoka kwenda Ifakara, anapunga mkono. Mama Fides aliniambia alitaka kulia, na hakupata nafasi. Alikwapua baiskeli ya mumewe, bega bovu hivyo hivyo, akachapa matope mpaka kijiji cha Namawala, kwa sababu pale kulikuwa na vijana watafiti wa mbu, na watafiti walikuwa na redio ya mawasiliano. Kila jioni waliongea na ofisi yao ya Ifakara.

"Mama, hii ni ya habari za mbu," kijana wa redio akamwambia.

"Hata huyu ni mbu, mwanangu. Tena ananyonya kuliko hao wenu. Nipe hicho kitu."

Akapewa. Sasa, redio ile hakuna aliyekuwa nayo peke yake. Misheni walisikiliza, wafanyabiashara wa mbao walisikiliza, wenye magari walisikiliza, na waliokuwa wamekaa na wenye redio wakinywa chai nao walisikiliza. Ndiyo ilikuwa taarifa ya habari ya bonde. Na bonde zima likasikia sauti ya Mama Fides: "Benki Ifakara! Mtu wa kompyuta ni mwizi! Amechukua vitabu vyetu vya Mofu. Atakuja na neno letu la siri. Neno lenyewe ni kambale. Narudia, kambale! Msimpe! Ova!"

Ujumbe ulitufikia tukiwa tunafunga hesabu za siku. Mzee Benedikto aliweka paji la uso juu ya meza, akakaa hivyo kidogo. "Amerudia," akasema. "Odilia, amerudia!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa naogopa kweli. Kama yule kijana amesikia, hatakuja kwetu. Angepita moja kwa moja na treni mpaka matawi ya kule kwenye mashamba ya miwa, ambako hakuna anayewajua akina mama wa Mofu wala anayeuliza neno la pembeni, na kule kitabu na dole gumba vinatosha. Simu ya meneja tulijaribu, laini zilikuwa zimekatwa na mvua. Tumaini letu lilikuwa moja tu, kwamba lori lake limekwama kwenye matope mahali pasipo na redio. Niliomba matope, wanangu. Sijawahi kuyaombea matope kabla wala baada.

Asubuhi muuza chai wa nje ya benki alinipokea hivi: "Shikamoo dada. Kambale hajafika?" Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku ya mavuno. Nusu ya watu wale hawakuwa na shida ya benki kabisa. Mwingine alikuja na kigoda. Meneja alikwenda kituo cha polisi, akarudi na ahadi kwamba askari anakuja akimaliza chai.

Mwizi akaingia kabla ya askari. Nilimjua kwa tai, maana nani mwingine angevaa tai kwenye matope yale? Koti limechafuka tope mpaka kifuani, lakini ametabasamu vizuri, na nilifurahi kumwona kama vile ni ndugu yangu aliyetoka safari. Akapanga foleni kwa adabu. Watu wakamwachia nafasi mbele, "Pita kaka, pita, una haraka," mpaka akafika dirishani kwangu.

"Za asubuhi, dada. Nimetumwa na mama yangu mdogo wa Mofu. Anaumwa."

"Pole sana. Anaumwa nini?"

"Malaria."

"Pole!" ikaitikia foleni nzima nyuma yake. Akashtuka kidogo.

Mnajua jinsi watu wanavyolaumu benki kwa kuchelewesha. Siku ile nilichelewesha kwa kipaji chote nilichopewa na Mungu. Nilikichukua kitabu, nikakifungua ukurasa mmoja mmoja. Nikaulizia hali ya barabara. Kalamu ikakataa kuandika, nikatafuta nyingine, nayo ikakataa. Nikaenda kwa Mzee Benedikto kuchukua kadi ya sahihi, naye akaitafuta kwenye kabati ambalo haikuwemo, huku anaimba kidogo. Nikarudi. Askari bado.

"Haya, kaka. Na neno la pembeni?"

Akainama mpaka paji la uso likagusa nondo za dirisha. Akanong'ona.

"Kwa sauti, baba!" mama mmoja wa nyuma akapaza sauti. "Huku hatujasikia!"

Na ukumbi wote, wazee kwa vijana, ukaitikia kwa pamoja: "KAMBALE!"

Nilimwona akielewa. Uso ulibadilika kama taa iliyoishiwa mafuta ya taa. Akageuka atoke, na pale ndipo nilipoiona foleni ya Mzee Benedikto ikifanya kazi yake. Hakuna aliyempiga, hakuna hata aliyemshika. Hakuna aliyesogea, basi. Akienda kulia, kuna gunia. Akienda kushoto, kuna mama na kigoda chake. Mlangoni alisimama Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe zake kutoka kanda ya ziwa, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, amejaza mlango wote.

"Ng'wanawane," akamwambia kwa upole, yaani mwanangu, "unakwenda wapi? Hapa mtu hatoki kabla hajahudumiwa."

Askari aliingia akipangusa makombo ya chapati mdomoni. Vitabu vya Mofu vilivyobaki vilikuwa ndani ya koti, vyote, vikavu kabisa. Nilivipokea mikononi na machozi yakanitoka mbele za watu. Sikuona aibu.

Adhuhuri likafika lori lingine. Juu yake, katikati ya magunia, ameketi Mama Fides, matope mpaka kwenye nyusi, mapajani amepakata kitu kilichofungwa kwa kanga. Akashuka, akaingia, akakiweka kwenye kaunta yangu. Ilikuwa ile kibodi.

"Kompyuta yenu," akasema. "Haya, nipeni kitabu changu."

Nikampa. Akakishika kwa mikono miwili, akakinusa, akakaa chini sakafuni pale pale benki, akacheka huku analia. Watu walipiga vigelegele mpaka meneja akatoka ofisini kutaka kuzuia kelele, akaishia kupiga makofi. Kisha Mama Fides akajikongoja juu, akaniita kwa kidole. Nikatoa sikio kwenye nondo. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaniachia neno jipya, lake peke yake, kwa sauti ndogo hata nilimwomba arudie. Alikataa kurudia. Alisema ameshajifunza madhara ya kurudia.

Mashine ilikwenda Mofu kiangazi kile. Nilialikwa kula wali wa kwanza uliokobolewa nayo, nikala mpaka nikafungua kifungo cha sketi. Ukutani, juu ya mashine, Mama Fides alikuwa amepigilia ile kibodi kwa misumari. Wateja wake walimwambia anakoboa kwa kompyuta, naye hakuwakatalia. Na benki ilipoletewa kompyuta za kweli, fundi aliyekuja kuzifunga alikutana na mama mmoja dirishani aliyemuuliza, "Mwanangu, mvua ikinyesha unaanua nini kwanza?" Maskini, akajibu, "Hii mashine, mama, ni ya gharama." Mama Fides akanigeukia: "Huyu ni wenu. Mruhusuni."

Mzee Benedikto alistaafu muda si mrefu baadaye. Kabati la chuma akaniachia mimi, na miwani yake pia, ingawa haikunifaa. Nimekaa kaunta miaka mingi tangu hapo. Nimeona kadi za mashine za kutolea fedha, nimeona benki ikiingia ndani ya simu, nimeona wateja wakiliwa na sauti nzuri zinazosema "thibitisha upesi". Kila mara nawaza meza ile ya Mofu. Anayekuharakisha, anayetaka namba yako ya siri, anayekutishia kufungiwa, mwangalieni tu anaanua nini mvua ikinyesha. Na benki yenu haitamuuliza mteja namba ya siri, hata siku moja. Mwambieni kila mteja, hata kama foleni imefika mlangoni.

Kwenye sherehe yenu ya kuniaga nilianza kuisimulia habari hii, mnakumbuka, keki ikanikatiza. Mama Fides alikuwa amekaa mbele na soda yake, mzee sasa, bega zima, mashine ya tatu. Nilipofika pale aliponinong'oneza, mkaanza kupiga meza: "Neno! Neno! Neno!" Nikasema haiwezekani, nimelitunza tangu ujana wangu, nimeapa. Mkazidi. Nikamtazama Mama Fides kuomba msaada.

Akaweka soda chini taratibu, akajifuta mdomo.

"Mwacheni aseme, wajukuu zangu," akasema. "Nilishabadilisha juzi, nilipoletewa kadi ya mwaliko. Huyu si benki tena."

Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimestaafu kweli.